Tandiko la Damaris Holbeche

Limeletwa Jumatatu, limefungwa kwa gunia.
Mtumishi kalibwaga mezani kama mzoga:
"Bibi anasema ulishone tena."
Hakusema jingine. Alitaka bia.

Miaka miwili na nusu imepita
tangu asimame pale mlangoni, Bi Damaris Holbeche,
hana mume wa kumsemea,
wala haya ya kukosa mume,
akaniagiza tandiko la kukalia upande.
"La kwenda kanisani?" niliuliza.
"La kwenda," akasema.
Kisha, aliponiona nimeshika chaki nasubiri:
"Kwenda mpaka nchi iishe."

Walsall nzima ilicheka.
Mke wa mfua bizimu alisema mtembezi hula miguu yake.
Tabibu alikuwa amemwandikia maji ya chemchemi,
yale yanayonuka mayai viza,
mwendo wa siku mbili kwenda, siku mbili kurudi.
Alikunywa kikombe kimoja, tulisikia,
akaipita chemchemi.

Sasa nafungua gunia.
Mimi sijui kusoma. Najua ngozi.
Nimezaliwa nyuma ya karakana hii,
na mbali kabisa nilikofika ni Lichfield,
kumzika shangazi, na mvua ikanichapa.
Basi nawasha mshumaa wa pili, ghali ulivyo,
naanza upande wa kushoto.

Hapa pana chumvi,
imejichora ukungo mweupe ubavuni.
Nagusa, najilamba kidole.
Bahari sijawahi kuiona;
leo nimeionja.

Hapa weusi usiotoka kwa sabuni:
makaa ya mawe ya huko Newcastle,
yamezama hadi kwenye uzi.
Hapa miiba imepita, mistari mitano,
yote imetoka mbele kwenda nyuma.
Hakumgeuza farasi.
Na matone haya ya mshumaa, je?
Alikuwa akiandika usiku, tandiko magotini,
nyumba ya wageni isiyo na meza.

Bizimu ya mshipi si yangu.
Mhunzi fulani wa kijijini, mkono mzito, chuma kibovu.
Nilikasirika, nasema kweli.
Kisha nikaipindua, nikaona kwa chini
alivyoisugua ikawa laini kama kokoto ya mtoni
isimkwaruze farasi.
Nikamsamehe, ndugu nisiyemjua.

Pembe, pale goti linapojishika, imekonda mpaka mti unaonekana.
Kikuku kimeteremshwa matundu mawili:
ama mguu umerefuka ukubwani,
ama mwanamke ameacha kujikunyata.

Nimepasua bitana nibadilishe sufu.
Sufu yangu ilikuwa nyeupe, kondoo wa bondeni kwetu.
Hii ni nyeusi, ya kukwaruza, inanuka moshi na milima.
Kumbe kuna aliyetangulia kulipasua!
Nikautafuta mshono wake kwa ukucha:
uzi wa hariri, wa buluu,
hatua fupi fupi za mtu aliyefundishwa kudarizi maua,
akakutwa na ngozi ya ng'ombe peke yake,
mvuani labda, kidole kinatoka damu,
maana na damu ipo.

Nimeshona kwa kitani na nta, mahali pote.
Pale kwenye buluu nimepaacha.
Atakayeniuliza, nitamwambia msharasi ulivunjika.

Ijumaa amekuja mwenyewe.
Jua limemla uso, sauti imekuwa pana.
Kapitisha kidole juu ya kazi yangu, kapita, kapita,
kafika kwenye uzi wake, kasimama.
Hakusema asante. Alinitazama tu.

Nikauliza, "Je, Bibi, nchi iliisha?"
"Aliyeisha ni farasi," akasema.
"Nimepata mwingine. Yuko nje, mpana kuliko yule."

Basi nikachukua chaki na kamba,
nikatoka barabarani bila kofia
kumpima mgongo.